Je, ni Misri iliyoichelewesha Rusumo? Maji, umeme na ujirani kutoka Jinja hadi Kagera

Msomaji wetu wa Ngara ameuliza hivi: "Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilijengwa na kumalizika kwa miaka michache tu wakati wa ukoloni. Rusumo ya kwetu ilianza kuzungumzwa tangu miaka ya sabini, na umeme wake tumeuona juzi tu. Wazee wanasema Misri ndiyo iliyotuzuia kwa mkataba wake wa zamani. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kitu gani hasa kilichelewesha?"

Ndugu msomaji, kwa upande wa Rusumo, kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Mto Kagera mpakani mwa Tanzania na Rwanda, jibu ni hapana: Misri haikuizuia. Kilichoichelewesha ni kwamba nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilikubaliana mapema sana kugawana umeme ambao bado haukuwa na mnunuzi wala mkopeshaji, zikaukabidhi kwa chombo kilichobebeshwa kazi nyingi kuliko uwezo wake, kisha vita vikapita juu ya mradi wenyewe. Hata hivyo wazee wako hawakubuni jambo. Mkataba wanaousema upo, na uliitawala Jinja kwa miongo mingi. Ndiyo maana nitaanza Jinja kabla ya kuja Kagera, kwa sababu tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo yenye jibu.

Tarehe 7 Mei 1929 Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na Lord Lloyd, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Kairo, walibadilishana hati kuhusu maji ya Nile. Misri ilitambuliwa haki ya mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka na Sudan bilioni 4. Sehemu iliyotugusa sisi ni ile iliyosema kwamba pasipo Misri kukubali kwanza, hakutajengwa kazi yoyote ya umwagiliaji wala ya umeme juu ya Nile, vijito vyake, au maziwa yanayoilisha, katika Sudan na katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itabadili wakati wa kufika kwake, au itashusha usawa wake. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuulizwa. Uingereza ilijibu kwa niaba yao.

Angalia maneno "chini ya utawala wa Uingereza", kwa sababu hapo ndipo hoja ya wazee inapokatika. Rwanda na Burundi zilikuwa mikononi mwa Ubelgiji. Hati za 1929 hazikuzihusu hata siku moja. Kwa hiyo katika wenyewe watatu wa Rusumo, wawili hawakuwahi kufungwa na ahadi ile. Mto wa mpakani wenyewe ulikuwa na mkataba wake, uliotiwa saini London tarehe 22 Novemba 1934 kati ya Uingereza na Ubelgiji, kuhusu haki za maji katika mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi. Mkataba huo ulitaka maji yaliyochepushwa yarudishwe katika mkondo wake kabla mto haujaingia upande wa pili, na ulitaka pia upande unaokusudia kuyatumia utoe taarifa mapema kwa mwenzake. Ni hati fupi ambayo watu wachache wanaikumbuka. Mimi naiona kuwa bora kuliko ile ya 1929, kwa kuwa haikumpa mmoja uwezo wa kukataa; iliwataka wote wawili waambizane na warudishe.

Sasa turudi Jinja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uganda iliagiza uchunguzi wa uwezo wa maporomoko ya Owen, na mwaka 1948 ikaunda Bodi ya Umeme ya Uganda. Kwa kuwa maji yale ni mlango wa kutokea wa Ziwa Victoria, ilibidi Misri ihusishwe. Hati zilibadilishwa mwishoni mwa Mei 1949, zikafuatwa na nyingine hadi Januari 1953. Misri haikuishia kukubali. Ilitaka bwawa liongezwe kimo kwa mita moja ili ziwa lote liwe ghala lake la kuhifadhi maji ya miaka ya ukame, na ikakubali kuilipa Bodi ya Umeme ya Uganda pauni 980,000 kufidia umeme ambao ungepotea kwa kuyaachia maji kwa ratiba ya Kairo. Mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja kushuhudia vipimo. Malkia Elizabeth alilizindua bwawa tarehe 29 Aprili 1954.

Kwa nini mambo yalikwenda upesi namna ile? Kwanza, upande wa juu wa mto ulikuwa na sahihi moja tu, ya London. Uganda, Kenya na Tanganyika hazikuwa majirani wanaojadiliana. Zilikuwa mali za mwenyewe mmoja. Pili, Misri ilikuja mezani ikiwa na fedha na ikiwa na faida yake mwenyewe ndani ya mradi. Tatu, mnunuzi alikuwapo: viwanda vilivyotarajiwa Jinja, na zaidi ya hapo Kenya, ambayo kuanzia mwaka 1958 ilipokea umeme wa Jinja kwa njia ya kilovoti 132 kutoka Tororo kwenda Nairobi. Mkataba huo wa mauzo ulikusudiwa kudumu miaka 50, na umeme ule ulivuka mpaka hata katika miaka ambayo viongozi wa nchi hizo mbili hawakuwa wakisalimiana vizuri. Lakini wepesi ule ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote. Waliokuwa wakiishi kando ya maporomoko ya Owen na Ripon hawakushirikishwa katika hati yoyote, na maporomoko yote mawili yakamezwa na maji. Mtu anaposema kwamba wakoloni walijenga haraka, nadhani ni haki kuuliza ni nani hakusikilizwa ili haraka hiyo ipatikane.

Uhuru ulipofika, swali likawa kama watoto wanarithi deni la mzee asiyekuwa mzazi wao. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kueleza msimamo wake: Tanganyika ingeendelea kuiheshimu mikataba ya wakoloni kwa miaka miwili, na ndani ya muda huo kila mkataba ungejadiliwa upya, ambao haukujadiliwa ungekufa. Julai 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba hati za 1929 haziifungi Tanganyika. Misri ilijibu Novemba 1963 kwamba kwa maoni yake zinaendelea kutumika mpaka makubaliano mengine yafikiwe. Wakati huo Misri na Sudan zilikuwa tayari zimetia saini mkataba wao wa Novemba 1959, uliogawa maji yote ya Nile kama yalivyopimwa Aswan, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, bila kuacha tone kwa nchi za juu.

Tanzania haijarudi nyuma tangu hapo. Ilipoanza mwaka 2004 kujenga bomba la kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga, haikuomba ruhusa Kairo. Kulikuwa na manung'uniko, lakini bomba lilijengwa, likazinduliwa mwaka 2009, na watu wanakunywa maji. Huo ndio ushahidi wa vitendo kwamba mkataba wa 1929 haukuwa na nguvu ya kuuzuia mradi ambao serikali ya Tanzania iliutaka kwa dhati na kuugharamia.

Basi, Rusumo.

Mto Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na maporomoko ya Rusumo yako mara tu baada ya Ruvubu kutoka Burundi kukutana na maji yanayotoka Rwanda. Tarehe 24 Agosti 1977, pale pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, lenye makao yake Kigali; Uganda ilijiunga mwaka 1981. Ukiyasoma majukumu yake utaelewa mapema kwa nini halikufika mbali. Lilitakiwa kushughulikia umeme, umwagiliaji, kilimo, mifugo, madini, uvuvi, mbung'o, barabara, reli, simu na utalii. Nchi nne maskini ziliunda karibu serikali nzima ya tano, kisha zikawa zinachelewa kuilipia michango. Umeme wa Rusumo, ambao ungeweza kuwa shina la shughuli nyingine, ulikaa kama kifungu kimoja katika orodha ndefu.

Mwaka wenyewe haukuwa mwema. Ni mwaka uleule wa 1977 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na haukupita muda mrefu majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, na Tanzania ikaingia vitani mwaka 1978 na 1979. Hazina ya nchi ilitoka katika vita hivyo ikiwa tupu. Upande wa soko nao haukuwa na mvuto: Ngara na Biharamulo zilikuwa mbali mno na gridi ya taifa ya Tanzania, na Rwanda na Burundi zilikuwa na mahali pengine pa karibu pa kutazama, yaani Mto Ruzizi. Mkopeshaji huuliza nani atanunua umeme na atalipa kwa fedha gani, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kumjibu.

Baadaye yakaja mambo ambayo mkataba hauwezi kuyazuia. Vita vilianza Rwanda mwaka 1990, Burundi ikaingia katika umwagaji damu mwaka 1993, na mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mto uliokusudiwa kuzalisha umeme ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wewe na watu wako mnalijua jambo hili kuliko mimi. Ninalitaja kwa kuwa watu wanapohesabu miaka ya kuchelewa kwa Rusumo husahau kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na serikali tatu zilizoweza hata kukaa pamoja.

Shirika la Bonde la Mto Kagera lilivunjwa mwaka 2004. Kazi ya Rusumo ikachukuliwa na ofisi ya Kigali ya Mpango wa Bonde la Nile, ambao ulizinduliwa Dar es Salaam Februari 1999 na ambao makao yake makuu yako Entebbe. Safari hii mradi ulivuliwa mizigo mingine yote. Ukabaki umeme peke yake, kampuni moja inayomilikiwa na nchi tatu kwa mafungu sawa, na njia za umeme kuelekea kila nchi. Makubaliano ya nchi tatu yalifikiwa mwaka 2012, Benki ya Dunia ikaidhinisha dola za Marekani milioni 340 Agosti 2013, ujenzi ukaanza 2017, na mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80 ikaingia kazini katika mwaka 2023 na 2024. Fungu la kila nchi ni karibu megawati 27.

Kuna uamuzi mmoja katika kipindi hicho ambao ningependa ujulikane zaidi huko kwenu. Michoro ya awali ilikuwa na ziwa kubwa la kuhifadhi maji, ambalo lingefunika mashamba na ardhi oevu katika mabonde ya Kagera na Ruvubu na kuhamisha watu wengi. Mwishoni nchi zote tatu zilikubali mtambo unaotumia maji kadiri mto unavyoyaleta, bila hifadhi kubwa, ingawa maana yake ni umeme pungufu wakati wa kiangazi. Wengine wanauita woga. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora katika historia yote ya Rusumo, kwa sababu nchi jirani zilipunguza mapato yao wenyewe ili zisigharikishe ardhi ya mtu wa upande mwingine, na hakuna mahakama iliyozilazimisha.

Ili uone kwamba ugumu haukuwa katika utatu wenyewe, itazame Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda jumuiya yao ya kiuchumi Septemba 1976, karibu mwaka mmoja kabla ya mkataba wa Rusumo. Mwaka 1983 zikaanzisha kampuni ya pamoja, SINELAC, kwa ajili ya kituo kimoja tu, Ruzizi II, ambacho kilianza kuzalisha mwaka 1989. Kampuni hiyo ilipita katika vita vyote vya miaka ya tisini, ikiwa na wamiliki ambao majeshi yao yalipigana, na mitambo iliendelea kuzunguka. Sababu yake ni ya kawaida sana: umeme hupimwa kwa mita, kila upande unajua umepokea kiasi gani, na anayezima mtambo anajizimia mwenyewe. Udhaifu wake uko katika madeni, kwa kuwa mashirika ya umeme ya nchi hizo yamechelewa kuilipa kampuni mara nyingi, na kampuni isiyolipwa haiwezi kufanya matengenezo. Uko pia katika mazingira. Taka za plastiki zinazosombwa na mvua kutoka Bukavu na vijiji vya kandokando ya Kivu huziba mitambo ya Ruzizi, na mikataba ya umeme haikumpa mtu yeyote jukumu la kuzizuia kule zinakotoka.

Hapo nafikia jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ucheleweshaji. Katika ukanda wetu umeme umekuwa rahisi kugawana kuliko mazingira, kwa sababu umeme una mita na mazingira mara nyingi hayana shahidi. Mfano mkali ni Ziwa Victoria lenyewe. Mwaka 2000 Uganda ilifungua kituo cha pili Jinja, Kiira, chenye nafasi ya megawati 200. Kanuni ya tangu miaka ya hamsini ilitaka maji yanayoachiwa yafuate usawa wa ziwa, kana kwamba maporomoko yangalipo. Ukame ulipokuja na Kampala ikakosa umeme, maji yaliyoachiwa yalizidi kanuni hiyo. Kufikia mwishoni mwa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu 1923. Meli zilishindwa kufunga katika baadhi ya gati, mabomba ya kuvutia maji ya miji yalibaki nje, na mazalia ya samaki yakakauka.

Fikiri sasa ni nani alikuwa na haki ya kusimama langoni Jinja na kusoma kipimo. Misri ilikuwa na mhandisi wake pale tangu enzi za hati za 1949. Tanzania, yenye takriban nusu ya ziwa, na Kenya, hazikuwa na mtu. Zilikuwa na Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini Arusha Novemba 2003, karatasi nzuri iliyokuja wakati ziwa limekwisha kuanza kushuka, na Kamisheni iliyoundwa chini yake ilikuwa ndiyo kwanza inafungua ofisi Kisumu. Uganda ilipunguza maji, ikakodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa, na baadaye ikajenga Bujagali, kituo cha megawati 250 kilichokamilika mwaka 2012, ambacho hutumia mara ya pili maji yaleyale yaliyopita Jinja. Mvua nazo zilirudi, hadi Mei 2020 ziwa likafikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na safari hii walioumia walikuwa wenye nyumba na mashamba ya kandokando.

Kenya ilionja jambo hilohilo kaskazini kwa namna nyingine. Ziwa Turkana hupata karibu asilimia 90 ya maji yake kutoka Mto Omo wa Ethiopia. Ethiopia ilipojenga Gibe III, yenye megawati 1,870, serikali ya Kenya ilikuwa upande mmoja mlinzi wa ziwa na upande mwingine mteja wa umeme, na sauti ya mteja ilishinda. Njia ya kilovoti 500 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa imekuwa ikileta umeme wa Ethiopia Kenya tangu mwishoni mwa 2022, na kwa gridi ya Kenya hilo ni jambo jema. Lakini mwaka 2018 Hifadhi za Taifa za Ziwa Turkana ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na wavuvi wa Turkana hawakuwa na kiti katika mkataba wa mauziano.

Kuhusu hofu ya Misri, hali ya kisheria imebadilika. Mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Nile, uliotiwa saini Entebbe Mei 2010 na Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda, kisha Kenya siku chache baadaye na Burundi mwaka 2011, ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kujiunga. Misri na Sudan zimekataa kuutia saini. Kwa upande mwingine, kampuni mbili za Misri ndizo zilizojenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lakini kwenye Mto Rufiji, ambao hauna tone moja la Nile. Kairo imejifunza kutafuta urafiki Dodoma kwa njia nyingine, na sioni ubaya katika hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kujua hatari ya leo kwa Rusumo usiitazame Kairo. Tazama juu na chini ya mto wenyewe. Rwanda inajenga Nyabarongo II, bwawa lenye ziwa la kuhifadhi maji, juu ya Rusumo. Chini yake, Uganda na Tanzania tayari zinashirikiana katika kituo kidogo cha Kikagati na Murongo, na Tanzania imepanga kituo cha Kakono mkoani Kagera. Kila kimoja kina mkataba wake na wakopeshaji wake. Shirika lililopaswa kuyaona maji hayo yote kwa jicho moja lilivunjwa mwaka 2004, na kazi yake imegawanyika kati ya Kisumu, Entebbe na Kigali. Bwawa la juu likifungua au kufunga maji kwa saa chache, mtambo wa Rusumo, usio na hifadhi kubwa, utahisi siku hiyohiyo. Nchi hizi zinahitaji ratiba moja ya kuachia maji, vipimo vinavyosomwa na wote kila siku, na watu wa Ngara, Kirehe ya Rwanda na Muyinga ya Burundi wakiwa miongoni mwa wanaopewa vipimo hivyo. Ukimpata mbunge wako au afisa wa bonde, hilo ndilo ningekuomba umuulize kwanza.